Mjadala: Nyumba za wageni Mji wa Kale Mombasa, ziwekewe kikomo au ziachwe?

Mtoto wa Changamwe (mwanzisha mada):
Asalaam aleikum wanabaraza. Nina mada, na najua wengine mtanirukia.

Mimi kwetu Changamwe, ila riziki imenipeleka Nairobi. Miaka yote nikija likizo na mke wangu twalala hoteli za ufuoni. Unafungwa utepe mkononi kama mzigo wa posta, unakula mpaka unachoka kula, siku nne zimekwisha na Mombasa hukuiona. Safari hii tulishuka kwa treni, saa tano hivi mpaka Miritini, tukapanda matatu hadi mjini, tukakodi chumba cha juu Kibokoni, humo Mji wa Kale, usiku sita. Gari hatuna, ratiba hatuna.

Siku ya kwanza mke wangu, mtu wa bara, aliniuliza, "Sasa tunafanya nini?" Nikakosa la kumjibu. Chini ya nyumba kuna mama auza mbaazi za nazi na mahamri. Siku ya pili alituuzia tu. Siku ya nne tulichelewa kuamka, tukamkuta ameshaosha sufuria, akatugombeza kweli kweli, kisha akafunua bakuli: "Hizi zenu nimewaekea." Tulikula pale pale kwenye benchi, bega kwa bega, bila simu. Jioni mwuza kahawa akipita anagonganisha vikombe, mke wangu ndiye wa kwanza kushuka. Yeye wa chai ya maziwa, leo anywa kahawa tungu na kashata! Fort Jesus penyewe tulifika siku ya tano.

Sasa kilichoniuma. Siku ya kuondoka niliambiwa nyumba ile ilikuwa na familia tatu. Zilipewa notisi ili vyumba vikodishwe kwa siku. Nikapiga hesabu: usiku wetu sita ulishinda kodi ya mwezi mzima ya mmoja wao.

Je, kaunti iweke kikomo? Mimi naona ruhusa apewe mwenye nyumba anayelala humo humo. Anayekaa mbali akakusanya pesa kwa simu, asipewe.

Mhudumu wa Bamburi:
Kaka, hongera kwa mahamri. Mimi nalisha watoto wanne kwa hizo tepe unazozicheka. Chumba chako cha Kibokoni kimeajiri nani? Mtu mmoja wa kufua mashuka. Ila nikiri, masika yakiingia mimi hupewa likizo bila malipo mpaka wageni warudi, na yule mama wa mbaazi hauzi kwa msimu. Hapo mnanishinda.

Msema Chochote:
Cheti cha ndoa mlionyesha?

Mtoto wa Changamwe:
Tuliombwa mlangoni, nikatoa picha kwenye simu. Mke wangu alicheka mpaka ngazini.

Binti Kibokoni:
Karibu tena kaka, lakini raha yenu yatugharimu. Nyumba zetu za kizamani zilijengwa kwa akili. Nje kuna daka, mgeni hukaribishwa hapo akazungumza na wanaume, ndani haoni kitu. Leo mgeni ana ufunguo, apita daka, apanda mpaka darini. Nami niko uani nafua, sina mtandio, nikiinua macho naona watu wawili wameshika vikombe wanatazama machweo. Wakinipungia mkono nifanye nini, niwapungie? Na mwenye nyumba kulala humo humo hakunisaidii. Huyo ndiye anayewapa ufunguo wa dari.

Mzee wa Daka:
Wanangu, mwabishana mkiwa ndani ya nyumba inayoanguka. Ngome ya Fort Jesus iliandikwa urithi wa dunia mwaka 2011, na ina watu wa kuitunza. Nyumba zilizo nyuma yake nani azitunza? Ukuta wa matumbawe wataka chokaa kila baada ya miaka, na boriti za mikoko zikiliwa ni za kubadilishwa. Fundi anayejua chokaa hapatikani kwa bei ya bure, ndiyo maana watu wapaka saruji, unyevu ukabaki ndani, ukuta ukaoza. Mimi ni mwenye nyumba. Kodi ya wapangaji wangu hainunui hata boriti. Jirani yangu alianza kupokea wageni, mwaka wa pili akaezeka upya. Mniambie nifuate lipi: niwatoe watu niliokua nao, au niwaache dari liwaangukie?

Mtoto wa Changamwe:
Shikamoo mzee wangu. Hilo la chokaa sikulifikiria, na kikomo nilichokisema hakikujibu. Labda ruhusa iwe vyumba viwili kwa nyumba, wapangaji wabaki vingine, na ada ya kaunti irudi kwenye ukarabati. Sijui kama hesabu yako itakubali.

Dada Binti, wewe ndiye umeniweka kimya. Sisi tulipanda darini kila magharibi kutazama majahazi ya bandari ya kale. Chini yetu palikuwa na ua wenye kamba ya nguo. Siku moja mke wangu alisema, "Tuhamie upande wa pili, huyu dada hajatulia." Nikamwambia akae, upepo ni mzuri huku.