Afisa Elimu Kata anabebeshwa matokeo mabovu, mamlaka hana, mafuta hana!

Wakuu,

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, Maafisa Elimu Kata na walimu wakuu wa vijijini wanaitwa wilayani kujieleza. Inakera mno, maana wanaohoji ndio wenye mamlaka yote, na wanaohojiwa hawana hata moja.

Anzeni na ikama, yaani idadi ya walimu ambayo shule inastahili kupewa. Kipimo ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Shule ya kijijini yenye watoto 225, la kwanza hadi la saba, inahesabiwa walimu 5. Madarasa ni 7! Hata siku ambayo wote wapo, mwalimu mkuu naye kashika chaki, madarasa mawili hayana mtu. Mmoja akienda likizo ya uzazi na mwingine akiitwa semina, yanakuwa manne. Halafu kwenye taarifa ya halmashauri shule hiyo inasomeka haina upungufu, kwa hiyo ajira mpya zikitoka inarukwa. Kipimo hicho kinafaa shule ya mjini yenye mikondo minne kila darasa. Kijijini kinaua.

Njoo kwenye fedha. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika 6,000. Kwa watoto hao 225 ni 1,350,000, yaani 112,500 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo, kila kitu. Pale benki iliko mbali, nauli ya watia saini inamega humo humo. Manunuzi nayo yamepelekwa NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, muuzaji lazima awe amesajiliwa humo. Mangi mwenye duka kijijini hajasajiliwa, na mtandao wenyewe unatafutwa juu ya kilima. Mwalimu mkuu anaacha darasa kufuata boksi za chaki mjini.

Mwalimu pekee wa hisabati akihamishwa, barua inatoka kwa mkurugenzi au TAMISEMI, mbadala haji. Mwalimu mtoro sugu? Makosa mazito ni ya TSC, Tume ya Utumishi wa Walimu. Afisa Elimu Kata anabaki kuandika taarifa, na anazungukia shule zote za kata kwa posho ya madaraka ya 250,000 ambayo ndiyo hiyo hiyo mafuta, oili, tairi na cheni. Pikipiki ziligawiwa 2018, lakini pikipiki bila fungu la mafuta ni chuma tu.

Ikama ipigwe kwa mikondo, si kwa vichwa. Shule yenye awali hadi la saba isishuke chini ya walimu 8, hata ikiwa na watoto 150. Barua ya uhamisho isitumike kabla mbadala hajaripoti. Na mafuta ya kata yawe na kasma yake, yaani fungu lake lenyewe, kwenye bajeti ya halmashauri, yakikokotolewa kwa kilomita kati ya shule na shule. Madiwani mnaopitisha bajeti hizo, hili liko mikononi mwenu, mnalinyamazia kwa nini?