Jineri ya zamani ya pamba inataka kubomolewa, tunazuiaje?

nyar_alego: Habarini wadau. Huku Siaya tuna jineri ya pamba, yaani kiwanda cha kutenganisha pamba na mbegu, ya enzi za mkoloni, kuta za mawe na mashine bado ziko ndani zimeshika kutu, sasa mwenye ploti ameleta watu wa skrepa wanazungukazunguka na tunasikia anataka kuweka flati. Wazee wengi hapa walisomesha watoto na pamba ya hapo. Kuna sheria yoyote ama ndio basi? Maana naona ni makanisa na boma za madisii (wakuu wa wilaya wa zamani) tu ndio huhifadhiwa.

fundi_wa_reli: Iko dada, Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Waziri akishauriana na Makavazi ya Kitaifa anaweza kulitangaza jengo kwenye Gazeti la Serikali, na hapo kulibomoa ovyo ni kosa. Lakini hiyo ni safari ndefu. Flati zinataka kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, kwa hivyo peleka pingamizi mapema kabla hakijatoka. Na leo leo pigeni picha mashine, hasa vile vibati vyenye jina la mtengenezaji na namba, hivyo ndio huenda na skrepa wa kwanza na bila hivyo mtabaki na gudauni tupu, nani ataamini ilikuwa jineri?

mkulima_njoro: Mi napinga kidogo, Gazeti halizibi paa. Pale Shrewsbury, Uingereza, kuna kiwanda cha kitani cha 1797, jengo la kwanza duniani kujengwa kwa fremu ya chuma, baadaye kikageuzwa cha kimea cha bia mpaka kikafungwa 1987. Kina ulinzi wa daraja la juu kabisa lakini kimekuja kufunguliwa 2022, juu ofisi chini maonyesho. Miaka 35, na hao wana pesa! Mtafutieni jengo kazi, na mwenye ploti ongeeni naye, yeye anataka kodi tu.

nyar_alego: Tuliongea akasema leteni mpangaji. Kuna ushirika unatafuta stoo ya mahindi ila mashine tutapeleka wapi?

mkulima_njoro: Ziache palepale, wekeni uzio wa waya, magunia yakae upande ule mwingine. Zikitoka hazirudi.

fundi_wa_reli: Kwani ploti ni kubwa?

nyar_alego: Kubwa sana, nyuma huko ni nyasi na mbuzi za watu.

fundi_wa_reli: Sasa si flati ziende huko nyuma! Mpelekee hiyo pamoja na barua ya ushirika kabla hajalipia ramani.