Walimu wa skuli za serikali: tuwaandikie mkataba au tuendelee kusubiri tangazo la Mei Mosi?

MKWEZI
Assalamu alaykum. Mwalimu wa skuli ya serikali hapa Zanzibar anapangiwa kituo, anapewa vipindi na anaongezewa mshahara kwa uamuzi wa mwajiri, na habari za nyongeza anazisikia uwanjani siku ya Mei Mosi pamoja na sisi tusiohusika. Mwaka 2017 kima cha chini serikalini kilipopanda kutoka shilingi 150,000 hadi 300,000 tulipiga makofi, na makofi yalistahiki. Hata hivyo, nawajua walimu wa miaka ishirini kazini ambao mpaka leo wananung'unika kwamba aliyeajiriwa jana amewakaribia mno kwa mshahara, wala hapakuwa na meza ambayo wangeitwa kulisema hilo kabla halijatokea. Nauliza: si wakati sasa chama cha walimu na Wizara wakae, wasainiane mkataba wa hali bora wa miaka mitatu, utakaotaja mshahara, idadi ya watoto darasani, saa za kazi na taratibu za uhamisho? Mimi naunga mkono, kwa sharti moja: mkataba huo utamke pia kwamba mwalimu asiyemaliza mada asubuhi, kisha akaiuza mada hiyohiyo jioni kwenye tuisheni barazani kwake, atahesabiwa kuwa amevunja mkataba.

BINTI WA BANDARINI
Wa alaykumu s-salaam. Nilikuwa nimekwisha kuandika mistari mitatu ya kukuunga mkono, nikaifuta nilipofika kwenye sharti lako. Mimi nasomesha hisabati. Darasa langu la zamu ya mchana lina watoto 84, wanakaa wannewanne kwenye dawati, na wale wa ukutani wanausoma ubao kwa kumuuliza aliye mbele yao. Kipindi ni dakika arobaini. Ukitoa tano za kuita majina zinabaki thelathini na tano, ambazo ukizigawa hazimfikishii kila mtoto hata nusu dakika, na hapo daftari sijafungua hata moja. Isitoshe, kwa sera ya elimu ya 2006 hisabati kuanzia darasa la tano inasomeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo jambo moja nalisema kwanza kama sera inavyotaka, kisha nalisema tena kama mtoto atakavyolielewa. Sisomeshi tuisheni, kwa sababu jioni nasahihisha. Anayedai kuwa mada imefichwa ili iuzwe, namkaribisha aje akae dawati la nyuma siku moja, atuoneshe ilipofichwa.

MTUMBATU WA UGHAIBUNI
Ndugu zangu, nipo karibu na Chicago kwa miaka kumi na mitano, na nadhani mfano wa huku utatusaidia. Marekani skuli za umma zinaendeshwa na wilaya za elimu, kila moja ina bodi yake, na katika majimbo mengi chama cha walimu kinakaa na bodi na kuandikiana mkataba wenye vifungu vya kila aina: mshahara kwa miaka ya kazi na kiwango cha elimu, muda wa kutayarisha masomo, likizo ya ugonjwa, utaratibu wa kusikiliza malalamiko. Walimu wa Chicago waligoma siku saba za masomo mwaka 2012 na siku kumi na moja mwaka 2019. Mgomo wa pili haukuwa wa mshahara peke yake, kwani walidai muuguzi na mtaalamu wa ustawi wa jamii katika kila skuli na ukomo wa idadi ya wanafunzi darasani, wakaondoka na ahadi za maandishi. Lakini tusidanganyane kwamba karatasi inatosha. Sheria ya mwaka 1995 ilikuwa imewabana walimu hao hata suala la ukubwa wa madarasa wasiweze kumlazimisha mwajiri alijadili, na kufuli hiyo haikufunguliwa mpaka 2021. Na jimbo la jirani la Wisconsin, mwaka 2011, liliwapunguzia watumishi wengi wa umma haki ya majadiliano ikabaki kwenye mshahara wa msingi tu. Kuhusu tuisheni, samahani Bi Mwalimu, Mkwezi hakusema uongo. Wengine tuliondoka nyumbani kwa sababu hizohizo.

MZEE WA DARAJANI
Kwenye mijadala yetu lazima atokee mtu mmoja aliyepanda ndege, na akishuka kwenye ndege hiyo anashuka na dawa ya ugonjwa asioulala nao. Kijana wangu, uliondoka kutafuta maisha, na hakuna anayekulaumu. Usitwambie leo kwamba ulifukuzwa na mwalimu wa hisabati.

Nina jambo kubwa zaidi. Bodi ya huko Marekani ina mfuko wake, sehemu kubwa ikitokana na kodi ya majengo na ardhi ya wilaya ileile, kwa hiyo inapotia saini inajua inasaini fedha ya nani. Hapa mfuko ni mmoja, unapita Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, na mwalimu, daktari, zimamoto na mfagiaji wote wanatazama sinia hilohilo. Wizara itasainije ahadi ya miaka mitatu juu ya fedha ambayo Baraza linaipitisha mwaka hadi mwaka? Wala msinitajie mgomo. Wenzetu wa Bara waligoma mwishoni mwa Julai 2012, na Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ikausimamisha mgomo wao baada ya siku chache tu. Serikali hii imesomesha watoto bila malipo tangu 1965, na wengi mnaoandika hapa mlinufaika.

SHERIA TUPU
Kwa heshima zote, Mzee, si 1965. Tangazo la elimu bila malipo lilitolewa tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, na tarehe hiyo inaadhimishwa kila mwaka. Mtu wa umri wako, ambaye huenda alikuwepo, asikosee hilo.

Tukirudi kwenye sheria, mjadala huu unaendeshwa kana kwamba majadiliano ya pamoja ni ndoto ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Tunayo Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005, na tunayo Sheria ya Mahusiano ya Kazi namba 1 ya mwaka huohuo, inayotambua vyama vya wafanyakazi na makubaliano ya pamoja kati yao na waajiri. Kisha ikaja Sheria ya Utumishi wa Umma namba 2 ya 2011, inayoweka watumishi wa serikali, walimu wakiwemo, katika muundo mmoja wa utumishi. Ugumu wote uko kwenye mshono wa sheria hizi: ya 2005 inasema kaeni mezani, na ya 2011 inakukuta mezani hapo ukiwa na daraja, ngazi na miundo iliyokwisha kuamuliwa mahali pengine. Anayetaka mkataba atwambie kwanza ni mambo gani yaliyobaki ya kujadiliwa.

MZEE WA DARAJANI
Nilikuwepo, nilikuwa darasa la nne, na nilichoandika ni mwaka ambao mimi binafsi niliacha kudaiwa ada. Vyombo vyetu vya kumbukumbu vinatofautiana.

SHERIA TUPU
Vyombo vinatofautiana, tarehe haitofautiani.

MKWEZI
Naomba tusigombane kwa mwaka mmoja. Bi Mwalimu, sikukusudia wewe, na kwa hilo nakuomba radhi. Hata hivyo sitaondoa neno langu lote, kwa sababu mwanangu wa kidato cha pili analipa shilingi 500 kwa kipindi kwa mwalimu yuleyule anayemwona asubuhi, na mara mbili nimelikuta zoezi la jioni limeandikwa kwenye daftari la skuli. Kama mshahara hautoshi, na iandikwe hivyo mbele ya mwajiri, wala mwalimu asijilipe kutoka mfukoni mwangu.

BINTI WA BANDARINI
Radhi nimeipokea nusu, kama ulivyoitoa nusu. Ukiandika kifungu cha tuisheni, andika na kifungu kinachosema darasa likizidi watoto arobaini na tano litagawanywa, kisha tuone ni kipi kitavunjwa mwanzo.

KARAFUU MBICHI
Mimi ni mzazi wa Pemba, Wete, na nasikitika kwamba mjadala mzima unazungumza kana kwamba kisiwa ni kimoja. Mnasema mkataba utaje taratibu za uhamisho. Kwa lugha nyepesi, mnataka mwalimu apate haki ya kukataa kituo. Pemba itabaki na nani? Tunawajua walimu wa Unguja: anateremka bandarini Mkoani na begi moja la mkononi, na barua ya kuomba uhamisho imo ndani ya begi hilohilo, imebaki kutiwa tarehe. Mwalimu wetu wa fizikia alikaa muhula mmoja, akaenda kuuguza mama yake mjini, na mama huyo anaugua mwaka wa tatu sasa. Mimi napinga mkataba wowote utakaomfungulia mtu mlango wa kuondoka.

MTUMBATU WA UGHAIBUNI
Bi au Bwana Karafuu, kwenye mikataba mingi ya huku kifungu cha uhamisho hakimpi mtu ruhusa ya kukataa kazi. Kinasema nafasi zitangazwe, nani atangulie kuchaguliwa, na mwenye miaka mingi kazini ahesabiwe vipi. Uhamisho unaondoka kwenye simu ya mjomba na kuingia kwenye karatasi. Nawe Mzee wangu, nilizaliwa Tumbatu, nilivuka maji kwenda Mkokotoni kutafuta masomo, na nauli yangu ililipwa na mwalimu mmoja asiyekuwa na uwezo huo. Usinifundishe kulala na ugonjwa.

MZEE WA DARAJANI
Hilo la nauli ungelitanguliza, tungekusikiliza kabla ya kufika Chicago.

BINTI WA BANDARINI
Karafuu Mbichi, neno la begi limenichoma, na nitalijibu kwa urefu, mnisamehe. Mimi ni mzaliwa wa Kikwajuni, Unguja, na niko Pemba mwaka wa tisa. Begi langu lilikuwa moja kweli, kwa sababu nilikuwa sina la pili. Barua sikuandika.

Skuli yangu iko kwenye kisiwa kidogo ng'ambo ya Mkoani, na sitaitaja. Chumba nimepanga upande huu, kwa kuwa kule hakuna nyumba ya mwalimu. Ikiwa maji yamejaa, mashua inafika kwenye ngazi na napanda nimevaa viatu. Yakiwa yametoka, navua viatu navishika mkononi pamoja na mfuko wa madaftari, natembea kwenye tope mpaka yanafika gotini, na buibui nimelikunja kiunoni. Nauli ni shilingi elfu moja kwenda na elfu moja kurudi. Zipige mara siku ishirini na mbili za kazi, zinafika 44,000 kwa mwezi, na hakuna karatasi inayonirejeshea. Msimu wa kusi ukichafuka, kuna siku nahodha ananiangalia, anaiangalia bahari, anakaa chini kusuka kamba yake, nami najua hakuna skuli. Siku hiyo kwenye daftari la mahudhurio naandikwa sikufika. Nimehojiwa mara mbili kwa siku hizo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nataka mkataba wa nini, simjibu kwa Chicago. Nataka mstari mmoja unaosema kuwa bahari ikifunga sikutoroka kazini, na mstari wa pili wa nauli. Mshahara na waendelee kuutangaza uwanjani.

KARAFUU MBICHI
Bi Mwalimu, nimesoma mpaka mwisho. Neno la begi nalirudisha kwako, si kwa yule wa fizikia. Ila nakuuliza kwa nia njema: hiyo nauli hukuidai? Nafahamu watumishi wa idara nyingine wanaosafiri kwa kazi na kurejeshewa.

BINTI WA BANDARINI
Nimeidai. Ofisi iliyonipokea ilinisikiliza vizuri sana, ikanipa na kiti. Ikasema safari za kila siku za kwenda kazini si safari za kikazi. Nikauliza kama bahari ni sehemu ya njia ya kwenda kazini au ni kazi yenyewe, wakacheka, wakasema niandike maombi maalumu na nishikize risiti. Nahodha hana risiti. Ana mashua, kasia mbili na mashine ya kuazima.

SHERIA TUPU
Hapo ndipo penye kujadiliwa, na hapahitaji kugusa daraja wala ngazi ya mtu. Posho ya mazingira, nauli ya majini, na namna ya kuandika siku ambayo chombo hakikuondoka, yote ni masharti ya kazi ya mahali maalumu, na chama kinaweza kuyapeleka mezani bila kusubiri muundo wa utumishi ubadilishwe.

MKWEZI
Lakini tumetoka kwenye hoja yangu. Niliuliza kuhusu mkataba wa walimu wote kwa miaka mitatu, sasa tumefika kwenye mashua moja ya Mkoani.

KARAFUU MBICHI
Hoja yako uliizamisha mwenyewe kwa tuisheni, bwana. Tuache kwenye mashua.

MZEE WA DARAJANI
Mwanangu mwalimu, nilifanya kazi ya uhasibu miaka thelathini na moja, na najua mhasibu anaogopa nini. Hataki stempu ya dhahabu. Anataka karatasi yenye namba, tarehe, kiasi na saini ya aliyepokea. Dukani kwangu kimebaki kitabu kizima cha risiti, kile cha nakala mbili chenye kaboni, tangu nilipofunga biashara ya vitambaa. Nitakitia kwenye boti ya Ijumaa kwa mtu atakayekukabidhi bandarini. Nahodha wako ajaze mwenyewe kila siku, kwenda na kurudi, na siku asiyovusha aandike kwamba hakuvusha na sababu yake, kisha atie saini hapohapo. Sijui watakulipa au hawatakulipa, lakini hawatasema tena hawana cha kushikiza. Swali langu ni moja tu: huyo nahodha anajua kuandika?

BINTI WA BANDARINI
Anajua, Mzee. Nilimsomesha mimi, darasa la sita.