Naomba ushauri: mazoezi nafanya, ila rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya jioni inanishinda

Habari zenu ndugu zangu. Niko Kampala, najitahidi kupunguza uzito kwa sababu ugonjwa wa sukari umewasumbua wazee wetu nyumbani na sitaki unifikie. Asubuhi napanda mlima wa Kololo kwa mwendo wa kasi, na jasho linatoka kweli.

Shida ni jioni, karibu na stendi ya boda: chapati mbili, mayai mawili, mafuta ya kutosha, halafu soda baridi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4 tu, na soda ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari. Kutembea nusu saa hakufikii hata rolex moja. Kwa hiyo ile kauli ya "kula tu, utaitoa kwa mazoezi" naona hesabu yake haikubali.

Lakini kuiacha kabisa sitaki. Pale ndipo tunapokutana na wenzangu baada ya kazi, na naamini anayejinyima kila kitu huchoka mapema.

Mliofanikiwa, mlipangaje? Siku moja tu kwa wiki, au chapati moja yenye nyanya na kabichi nyingi, na maji badala ya soda? Siku hiyo mnapunguza chakula cha mchana? Na matoke kwa mchuzi wa karanga, mnapimaje? Wenye wagonjwa wa sukari katika familia, nawaomba sana mnijibu.