Form six CBG div two ya 10, mama anauza ndizi Mbuyuni: nianze diploma ya ualimu au niombe digrii na mkopo?

Binti_Kibosho

Habarini wakuu, shikamooni wote mlionizidi. Matokeo ya form six yametoka nimepata div two ya 10, Bio C, Geo C, Chem D. Nataka ualimu, na kabla mtu hajaniambia ualimu hauna hela naomba ijulikane nimeshaambiwa na mashangazi watatu na mchungaji, nataka hivohivo. Tangu niko form five nikiwa likizo nilikua nawafundisha Biology madogo wa form two hapo nyumbani jioni, walianza watatu wakafika kumi na moja, kila mtu anakuja na kigoda chake, mama akawa analalamika wanakanyaga magimbi yake.

Sasa shida ni njia. Baba alifariki 2014 nikiwa darasa la pili, mama anauza ndizi pale soko la Mbuyuni na tupo wanne. Ba'mdogo anasema nenda diploma chuo cha serikali miaka miwili, unamaliza haraka, digrii utaikuta mbele ya safari. Mwalimu wangu wa Chem amenipigia kabisa kusema nisithubutu, nina pass za digrii niombe BSc with Education na mkopo, miaka mitatu.

Na kuna la pili. Baba hana cheti cha kifo, tulimzika hapo kihambani, shambani kwetu, na hakuna aliyefuatilia karatasi. Alafu jina la baba kwenye cheti changu cha kuzaliwa limeandikwa Elibariki, kwenye cha form four limeandikwa Elibarik, ile i ya mwisho haipo. Shuleni waliniambia haina shida. Je ina shida?

TichaMonduli

Marahaba binti na hongera. Mimi nimepita njia ya ba'mdogo wako kwaiyo nakwambia nilichokiona.

Nilimaliza diploma 2012, enzi hizo ukimaliza unasubiri majina unapangiwa kituo unaenda, hakuna usaili wala nini. Nikaingia kazini ngazi ya mshahara wa walimu TGTS C, wenzangu wa digrii wanaanzia TGTS D, kazi ileile, chaki ileile, kipindi kimoja na staff room moja. Nikasema nitajiendeleza. 2016 nikaanza Chuo Kikuu Huria nikiwa kazini huku, mitihani nashukia kituo cha Arusha mjini, asaimenti nafanya usiku kwa taa ya sola ambayo ikifika saa nne inaanza kukonyeza. Ada kutoka mfukoni. Nilimaliza 2021, na ukimaliza bado kuna kusubiri ubadilishiwe muundo uanze kulipwa kama wa digrii, hilo nalo lina miaka yake sitaki hata kulielezea nitapata presha.

Kwaiyo kwangu mimi mwenye principal pass mbili nzuri aende digrii moja kwa moja. Diploma ilikua na maana zamani kwa sababu ajira ilikua inakusubiri mlangoni. Sasa hivi wa diploma na wa digrii wote tunakutana kwenye foleni moja, asa kwa nini usimame foleni na karatasi ndogo?

Ila nimtetee kidogo ba'mdogo. Mimi sina deni la Bodi ya Mikopo. Wewe ukikopa, ukianza kazi unakatwa 15% ya mshahara wa msingi, yani kama ni laki saba hiyo ni laki moja na elfu tano kila mwezi mpaka deni liishe. Ilikua 8% wakapandisha 2016. Nafuu ni kwamba ile 6% ya kulinda thamani iliyokua inavimbisha deni ilifutwa 2021, pamoja na faini ya 10% kwa waliochelewa.

Na kama moyo unakupeleka diploma, ujue toka 2023/24 Bodi inatoa mikopo ya diploma pia ila kwa fani za kipaumbele, na kwenye ualimu wanaangalia sayansi na hisabati, soma mwongozo wa mwaka wako kama masomo yako yamo. Vyuo vya serikali huku kwetu kuna Monduli, kuna Marangu, na Patandi pale Tengeru kama unapenda elimu maalum. Ukienda mbali Kleruu Iringa ndo wanajulikana kwa sayansi. Vyuo hivyo maombi yake yanapitia mfumo wa Wizara ya Elimu. Digrii unaomba chuo chenyewe moja kwa moja, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) hawakupangii siku hizi, wanasimamia tu.

Mangi_wa_Himo

Div two ya 10 ya CBG unaenda ualimu?? dada omba nesi

Binti_Kibosho

@Mangi_wa_Himo kaka asante, ndo shangazi wa nne huyo 😂

chalii_Ngarenaro

Mdogo wangu mi ngoja nikwambie upande ambao ticha hajausema mana yeye yuko ndani. Mi nina digrii ya ualimu, History na Kiswahili, nimemaliza 2016. Toka hapo nimeomba kila ajira iliyotangazwa, zamani kwenye mfumo wa TAMISEMI unajaza unasubiri, sasa hivi ni Sekretarieti ya Ajira na mnafanyiwa usaili kabisa kama benki. Mapema 2025 nikaenda usaili nimevaa ile shati ya graduation, pembeni yangu kuna dogo nilimfundisha nikiwa field, mazoezi ya ualimu, yeye akiwa form three. Form three! Tukasalimiana, akaniuliza ticha na wewe, nikamwambia na mimi.

Sasa hivi asubuhi naendesha boda, mchana nafundisha shule moja binafsi hapa mjini (siitaji), mshahara tulikubaliana tarehe 30 ila tarehe 30 ya mwezi gani hatukukubaliana. Nilikaa miezi miwili bila kitu, mwenye shule kila ukimkuta anakwambia wazazi hawajalipa ada na huku anashusha matofali ya ghorofa.

Sikutishi. Nachosema usibishane diploma au digrii ukasahau masomo. Ukiomba BSc with Education utaambiwa uchague masomo mawili ya kufundishia, na wa CBG wengi wanakimbilia Bio na Geo mana ndo walikofaulu vizuri. Usiifanye hiyo. Chukua Chem na Bio. Wa Geo tuko nao hukuhuku mtaani, art wanayo na sayansi wanayo, wamejaa. Kwenye Fizikia na Hesabu ndo pengo kubwa zaidi, Chem inafuata mulemule. Ile D ya Chem isikutishe, ukikaa nayo miaka mitatu itanyooka. Mi kama ningejua hili 2013 wakati najaza fomu kwenye café pale Kaloleni nisingekua na helmeti mezani saa hii.

TichaMonduli

@chalii_Ngarenaro kweli tupu, hapo kwenye masomo namuunga mkono. Shuleni kwetu mwalimu wa Chem ni mmoja, akiumwa jino shule nzima haina Chem.

Mama_Steshenari

Shikamoo yako nimeipokea mwanangu. Mimi nina steshenari hapa Arusha na kila msimu wa mikopo najaza fomu za watoto toka asubuhi mpaka mgongo unakataa, hao wakaka wanaongelea mambo ya chuo lakini wewe tatizo lako limeanzia kwenye ile i.

Ina shida. Mfumo wa Bodi unasoma jina lako kutoka NECTA, Baraza la Mitihani, kwa namba ya form four, alafu unataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wale wa kusajili vizazi na vifo. Nimeona mtoto amekwama kwa herufi h moja. Usihangaike na cheti cha form four kwa sababu kubadilisha jina kwenye cheti cha NECTA ni kazi ngumu, hangaika na RITA. Nenda ofisi ya mkuu wa wilaya hapo Moshi, dawati la vizazi na vifo, beba cheti cha kuzaliwa, cha form four na leaving ya darasa la saba kama unayo, uwaeleze unataka marekebisho ya jina. Pitia na kwa wakili akuandikie kiapo kwamba majina yote mawili ni mtu mmoja. Hicho kiapo usikidharau, utakitumia mpaka siku ya kuajiriwa.

La baba ndo muhimu zaidi. Mtoto aliyefiwa na mzazi yuko kwenye makundi ambayo Bodi inayaangalia kwanza, lakini bila cheti cha kifo kilichohakikiwa wewe kwenye macho yao baba yako yuko hai na ana kipato hajakitaja. Kuna binti mwaka juzi alikuja na picha ya kaburi kwenye simu. Nilimtazama nikashindwa kusema. Kusajili kifo cha zamani inawezekana: barua ya mwenyekiti na mtendaji wa kata, kama alifia hospitali waombeni karatasi yao, kama alifia nyumbani nenda usharikani au parokiani, wanaandika mazishi kwenye daftari, omba barua kutoka hapo. Anza KESHO, usisubiri dirisha lifunguke, mana likifunguka nchi nzima inakua RITA.

Kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa kaya maskini, weka na namba ya kaya. Maombi ni elfu thelathini, unapewa control number unalipa kwa simu. Ukishajaza unaprinti, mwenyekiti anagonga muhuri, wakili au hakimu anasaini, wewe na mdhamini mnasaini, alafu unaskani unapandisha. SKANI, sio kupiga picha na simu kidole gumba kikiwa kwenye kona, nimeona nyingi zinarudishwa. Na ile namba ya form four utakayoombea chuo ndo hiyohiyo uombee mkopo, kama ulirisiti usichanganye.

Jina lisipotoka batchi ya kwanza usilie, kuna nyingine zinafuata na baadae kuna rufaa. Hela ya chakula na malazi ni elfu kumi kwa siku sasa, ilikua 8,500. Na nikuambie hili kama mama: kwenye vyuo unavyoomba weka vya serikali juu, DUCE ya Dar, MUCE ya Iringa, UDOM ya Dodoma. Mwenge hapo Moshi ni chuo kizuri na ungelala nyumbani, lakini cha binafsi Bodi wakikupa ada pungufu ile tofauti inamwangukia mama na ndizi zake. Ile Samia Scholarship ni ya waliofaulu juu kabisa, usiipigie hesabu.

Mkulima_na_digrii

Naomba niingilie swali, mimi nina digrii ya kilimo sio ya elimu, naweza kuwa mwalimu wa Bio sekondari?

TichaMonduli

@Mkulima_na_digrii unaweza, soma PGDE (diploma ya uzamili ya ualimu) mwaka mmoja, hata Huria wanayo. Ila fungua uzi wako bwana tusimchanganye binti.

Binti_Kibosho

Wakubwa zangu nimerudi, wiki imepita. Asanteni mno.

Nilienda na mama usharikani, mzee wa kanisa akatoa daftari la mazishi, kubwa limeliwa na panya pembeni, akawa anapekua mwaka 2014 kwa kidole mama amesimama nyuma yangu hasemi kitu. Tukamkuta. Ameandikwa Elibariki, na i yake. Mama akasema unaona, akaenda kukaa nje. Barua wameandika siku hiyohiyo, ya mtendaji nimeipata jana baada ya kwenda mara tatu (mara ya kwanza yuko kikao, ya pili yuko msibani, ya tatu yupo ila muhuri umefungiwa kabatini na funguo anayo mwingine). Nimepeleka wilayani leo, nimeambiwa nirudi alhamisi kwa vyote viwili.

Masomo nimeamua Chem na Bio, nimeweka MUCE na DUCE juu, Mwenge ya tatu. Ba'mdogo nimemuonyesha hapa alivyosoma ya @chalii_Ngarenaro akanyamaza alafu akasema sawa lakini huyo boda aje Moshi kuna abiria.

Limebaki moja Mama, mdhamini ni huyohuyo ba'mdogo lakini kitambulisho cha NIDA hajapewa, ana namba tu. Itakubali?

Mama_Steshenari

Kadi ya mpiga kura anayo?

Binti_Kibosho

Anayo

Mama_Steshenari

Basi tumia hiyo. Mwambie aje nayo yeye mwenyewe siku ya kusaini, asikutume na kopi. Na alhamisi fika saa mbili.