Tupeane uzoefu: Siku jembe lilipokulaza kitandani

Mkulima wa Jumamosi
Wakuu, naandika nimelala chali. Jumamosi niliamua kulima kaploti kangu ka Kibaha kabla vuli haijakolea. Mwaka mzima mimi ni mtu wa kiti na kompyuta. Nilianza saa moja asubuhi, saa nne matuta manane ya matembele tayari, najisifu peke yangu. Nikainama kuokota kidumu cha maji. Kiuno kikakwama. Sio kuuma, KUKWAMA. Juu siendi, chini siendi. Bodaboda akakataa kunibeba, eti nikimfia njiani atawaambia nini polisi. Nimefika nyumbani kwenye mkokoteni wa muuza maji, juu ya madumu, watoto wa mtaa wanatusindikiza kwa nyimbo. Nani mwingine yamemkuta?

Mama Matembele
Pole jamani. Ila hapo kwenye mkokoteni chai imenipalia.

Mzee Kabari
Kijana, mpini wako una urefu gani? Mnanunua jembe na mpini wowote uliopo dukani. Mpini mfupi unakukunja kama ndoana. Ukiusimamisha chini ukufike kifuani. Na ubadilishe mikono, tuta hili wa kulia mbele, lile wa kushoto. Nina miaka 68, nalima asubuhi na jioni nipo kwenye bao.

Kijana wa Vikindu
Shikamoo mzee. Bibi zetu wanalima na vipini vifupi tangu enzi na hawakwami. Tatizo viti vya ofisini.

Mzee Kabari
Marahaba. Umeshamuuliza bibi yako kwa nini anatembea ameinama?

Kijana wa Vikindu
Mzee, bibi yangu usimlete humu.

Mama Matembele
Si wewe uliyemleta?

Mpiga Bomba
Mgongo wangu ulimalizwa na bomba la kupulizia dawa. Lita 16 likijaa, pamoja na chombo chenyewe, ni karibu kilo 20. Nilikuwa nalinyanyua kutoka chini na kulirusha begani kama gunia. Siku hizi naliweka juu ya kisiki, nachuchumaa, navaa mikanda, nasimama. Na silijazi.

Mwenye Kandambili
Mie niliteleza, jembe likashuka kwenye mguu, kati ya dole gumba na la pili. Nimevaa kandambili, tena zile zilizokwisha. Nikamwagia mafuta ya taa, nikafunga kitambaa, nikamalizia mstari. Siku ya tatu mguu kama mhogo.

Nesi Mstaafu
Mafuta ya taa hayatibu kidonda, yanaunguza nyama. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, bana kitambaa safi damu ikate, nenda kituo cha afya ukaulize sindano ya pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na samadi, yaani hapo hapo unapolima. Na gambuti sio za mvua peke yake.

Kijana wa Vikindu
Sisi tumekua na mafuta ya taa na tupo hai.

Nesi Mstaafu
Waliokufa hawachangii, mwanangu.

Shemeji wa Korogwe
Hayo yote madogo. Nilikwenda ukweni mara ya kwanza, nikataka waone nina nguvu. Nikaomba fyekeo, nikavua shati, nikaingia kwenye kichaka nyuma ya migomba. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, sikuangalia juu. Upupu umetambaa pale, maganda yamekauka, kila nikifyeka vinyoya vinanishukia. Kwanza shingo. Nikajikuna. Kosa! Ukijikuna ndio unausambaza. Mgongo, tumbo, halafu ukaingia kwenye suruali. Wakuu, nilisahau nipo wapi. Nikavua. Nikajigaragaza kwenye mchanga kama punda, navuta pumzi, nasikia mtu anakohoa. Mama mkwe, ana sahani ya mihogo na chai.

Mama Matembele
WEEE

Mkulima wa Jumamosi
Nisichekeshwe jamani, kiuno!

Mpiga Bomba
Akafanyaje?

Mzee Kabari
Upupu unapakwa jivu.

Mwenye Kandambili
Jivu linazidisha. Sisi tunapaka tope, linakauka, linabanduka na vinyoya vyake.

Nesi Mstaafu
Hata selotepu inavivuta vinyoya. Nguo zifuliwe kwanza, msizivae tena kabla ya hapo.

Mpiga Bomba
Tumeelewa. Mama mkwe akafanyaje?

Mkulima wa Jumamosi
Naombeni tusitoke kwenye mada. Mgongo wangu je? Nilale mpaka lini?

Nesi Mstaafu
Usilale siku nzima, tembea taratibu humo ndani. Ila ukisikia miguu inakufa ganzi, au mkojo unashindwa kuuzuia, hospitali siku hiyo hiyo. Ukirudi shamba anza na nusu saa, tuta moja au mawili, sio manane.

Kijana wa Vikindu
Au aajiri kibarua.

Mzee Kabari
Kibarua hana mgongo?

Shemeji wa Korogwe
Samahani, nilikuwa mbali na simu. Aliweka sahani chini, akageuka, akapaza sauti: "Baba Fulani, njoo na jivu!" Mkwe akaja na ndoo nzima. Walinipaka wote wawili.

Mama Matembele
Mahari walipunguza au walipandisha?