Naomba ushauri: barua kwa mbunge kuhusu fedha za utafiti wa selimundu

Habari zenu wakubwa. Mdogo wangu ana selimundu, ugonjwa wa kurithi unaofanya chembe nyekundu za damu zipinde kama mundu. Sisi ndugu na wazazi wa wagonjwa tumekubaliana kumwandikia mbunge kabla bajeti haijapitishwa, ili fungu la utafiti wa ugonjwa huu lisiguswe. Kalamu nimekabidhiwa mimi, na sijui nianzie wapi.

Hoja ya kwanza ni haidroksiyurea. Ilianza kama dawa ya saratani. Watafiti ndio waliobaini kwamba inaongeza himoglobini ya kichanga, yaani protini ya kubeba oksijeni ambayo mtoto huzaliwa nayo, ile inayosaidia chembe nyekundu zisipinde, na mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha itumiwe na watu wazima wenye selimundu. Mdogo wangu anaimeza kila siku. Zamani maumivu yakimshika mgongo usiku alikuwa anauma shuka asituamshe. Siku hizi ni mara chache.

Ya pili: utafiti ukikatwa katikati, wagonjwa waliokuwa wakifuatiliwa kwa miaka hutawanyika, na hata fedha zikirudi, takwimu za kipindi kile hazipatikani tena. Hii naiona nzito zaidi, maana visa vya kusikitisha wabunge wanaletewa kila siku.

Je, kisa cha mdogo wangu nikiweke mwanzoni au nitangulize takwimu? Barua moja yenye sahihi zetu sote, au kila mtu aandike kwa maneno yake? Na nakala iende kamati ya bajeti au ya afya? Aliyewahi kufanya kazi ofisi ya mbunge anipe ukweli bila kunionea haya.